Kwa Ajaye Nyuma Yangu

Funguo za kanisa anazo Fortunata. Usizidai.
Alizitunza tangu sijajua hata kusema asante.
Jiko la gesi linavuja, lifunge kwa kitambaa.
Na lile sanduku la vitabu nililolitoa Bergen,
kwa meli, kwa treni, kwa lori, kwa mgongo wa punda,
panya wamelisoma kuliko mimi.

Nilidhani naleta taa penye giza.
Jua la huku, mita elfu nne juu ya bahari,
likanibabua pua wiki ya kwanza.

Mkate, kwa Kiaymara, hukatwa pumzi kooni: t'ant'a.
Ukiiachia pumzi itoke, kama mtu apulizaye chai,
unapata thantha: tambara, nguo kuukuu.
Miezi minane nilisimama mbele yao, mikono juu,
nikaomba: Utupe leo tambara letu la kila siku.
Wakaitika Amina. Wote. Hata wazee wa kanisa.
Jumapili moja, kwenye meza ya Bwana, kando ya mkate,
Fortunata Callisaya akaweka tambara,
limefuliwa, limekunjwa pembe nne.
"Umeomba sana, Jilata," akasema. "Mungu si kiziwi."
Mwaka uliofuata nilicheka.
Siku ile nililia kwa hasira, nyuma ya zizi.

Kuna jingine, nalo halikunichekesha kamwe.
Kwetu kesho iko mbele. Nikahubiri hivyo:
"Tazameni mbele! Bwana yuaja!"
kidole nimekinyoosha kuelekea ziwani.
Nikashangaa macho yanalowa,
mama mmoja analitaja jina la mwanawe
aliyefukiwa mgodini.
Kwao yaliyopita ndiyo yaliyo mbele,
maana yameshaonekana.
Kesho iko mgongoni, haina uso bado.
Miaka saba niliwaelekeza makaburini
nikidhani nawaonyesha mbingu.
Na aliyeniambia ni nani? Limbert, wa miaka tisa,
mchunga llama, makamasi yamemgandia mdomoni:
"Jilata, mbona Yesu unamwitia upande wa marehemu?"

Sina jibu mpaka leo.
Labda ndiko alikotokea, siku ya tatu.

Mwezi wa sita, baridi ikipasua mawe,
viazi hutandazwa nje vilale na jalidi.
Alfajiri watu huvikanyaga, miguu mitupu,
maji yatoke, na kesho tena, na kesho kutwa,
hadi kiazi kiwe chepesi, cheusi, kama kokoto.
Hapo ndipo kinakaa miaka kumi bila kuoza.
Mara ya kwanza kupewa nilikitema ndani ya leso.
Mara ya kwanza kukanyaga niliomba soksi.
Wakanitafutia, masikini. Soksi za harusi za mtu.

Nakuachia madaftari ishirini na matatu. Usiyaamini.
Katika la tano niliandika: "Sasa lugha naijua."
Nimeliacha neno hilo lilivyo, bila kulifuta,
ulione mapema, usije ukaliandika lako.
La mwisho lina neno la juzi tu,
jina la upepo unaotangulia mvua ya mawe.
Miaka thelathini na mmoja upepo huo umenipiga
nami nauita upepo.
Limbert, sasa baba wa watoto watatu,
alinitamkia mara sita, polepole,
kama mtu amlishaye mgonjwa uji.
Ya saba nikapatia. Karibu.

Sikujui. Barua ya misheni inasema u kijana,
una shahada, unapiga gitaa.
Uko mgongoni kwangu, wasikofika macho wala mimi,
nasikia tu viatu vyako kwenye changarawe.
Vizuri, viatu imara.
Legeza gidamu zake, mwanangu. Vivue hapo mlangoni.
Kumekucha, jalidi ni nene,
na Fortunata hapendi kungoja.